Kumbukumbu ya mradi wa santuri: Hatful of Hollow, upande kwa upande

Mradi wa msimu huu ni mmoja tu: kuisikiliza Hatful of Hollow, mkusanyiko wa nyimbo za The Smiths, bendi ya Uingereza, kwenye santuri, kisha kuilinganisha na albamu yao ya kwanza. Zote mbili zilitoka 1984 kupitia lebo huru ya Rough Trade, albamu mwezi Februari na mkusanyiko mwezi Novemba. Msimamo wangu nautoa mapema: mkusanyiko ndio unaoonyesha bendi ilivyokuwa. Kazi iliyobaki ni kuonyesha kwa nini nasema hivyo.

Usafi na matayarisho

Nakala yangu ni ya mtumba, nimeinunua hapa Uingereza. Jalada ni la kukunjua, la buluu, lina picha ya kijana aliyechorwa chale begani kufuata mchoro wa msanii Mfaransa Jean Cocteau. Matoleo ya mwanzo yaliandikwa wazi kwamba mnunuzi asilipe zaidi ya pauni 3.99. Nayapenda sana maneno hayo. Sehemu ya nyimbo hizi ilikwishatoka kama singo, na shabiki wa kweli alikuwa nazo tayari. Lebo iliyomjali isingemtoza bei ya kitu kipya kabisa.

Nimeiosha kwa maji yaliyochujwa yenye spiriti kidogo na kitambaa laini, nikifuata mzunguko wa mifuo bila kuikata. Vumbi la miaka mingi limetoka, mikwaruzo michache imebaki, na haisumbui.

Kazi kubwa ilikuwa sindano. Nyimbo ni 16, nane kila upande, na kila upande unakaribia dakika 28. Huo ni muda mrefu kwa sahani ya inchi 12. Ili nyimbo zitoshe, mifuo imebanwa, na sauti imekatwa chini kuliko kwenye albamu fupi. Tena, kasi ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika haibadiliki, lakini pembeni mwa sahani sindano hupita karibu sentimita 50 za mfuo kwa sekunde, na karibu na lebo ya katikati hupita kama 20 tu. Habari ileile inabanwa mahali padogo, kwa hiyo herufi "s" za mwimbaji huanza kuchakaa. Nimepanga upya pembe ya katriji, kile kichwa kinachoshika sindano, kwa karatasi ya vipimo na kuongeza uzito wa sindano kidogo, bila kuvuka kiwango cha mtengenezaji. "Reel Around the Fountain", wimbo wa pili kutoka mwisho wa upande wa pili, sasa unasikika safi.

Kulinganisha

Nyimbo tano zimo kwenye albamu zote mbili, na hapo ndipo nilipokaa muda mrefu. Albamu ya kwanza ilirekodiwa mara mbili: kwanza na mtayarishaji Troy Tate, kazi ikawekwa kando, kisha upya na mtayarishaji mwingine, John Porter. Uchovu wa safari hiyo nausikia. Ngoma ziko mbali, gitaa limepakwa rangi nyingi. Kwenye mkusanyiko, "What Difference Does It Make?", "You've Got Everything Now" na nyingine kadhaa zinatoka vipindi vya redio ya BBC vya 1983, vile vya watangazaji John Peel na David Jensen. Utaratibu wa redio ulikuwa wa haraka: bendi inaingia studio, inarekodi nyimbo kama nne kwa siku moja, inaondoka. Hakuna nafasi ya kusitasita. Besi ya Andy Rourke inatembea mbele kabisa, na Mike Joyce anapiga ngoma kama mtu anayewahi basi.

Sisi tuliokulia na kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam tunaijua ladha hii. Bendi zetu nyingi tunazikumbuka kwa rekodi za studio ya redio, na hakuna anayesema zilikuwa za majaribio. Ndizo zenyewe.

Tazama "Still Ill". Toleo la redio linafunguliwa na kufungwa kwa kinanda cha mdomo, na toleo la albamu halina. Au "Reel Around the Fountain": kwenye albamu ina vinanda vya Paul Carrack, ni nzuri kweli, lakini ile ya redio inaacha pengo ambalo sauti ya Morrissey inalijaza peke yake. Na "Back to the Old House" ndiyo iliyonishika kuliko zote. Singo ilikuwa na bendi nzima. Hapa kuna gitaa kavu la Johnny Marr na sauti, basi. Kwenye santuri unasikia vidole vikihama kwenye nyuzi, na baina ya mistari kuna ukimya wenye hewa ndani yake.

Mpangilio wa pande

Jambo hili halipatikani ukibonyeza nyimbo moja moja kwenye simu. Upande wa kwanza unaanza na "William, It Was Really Nothing", dakika mbili na ushee, mbio tupu. Nyimbo nne baadaye inaingia "How Soon Is Now?", karibu dakika saba. Gitaa lililokwisha kurekodiwa lilirudishwa kwenye amplifaya za Fender Twin, na wakawa wanarekebisha mtetemo kwa mkono ili uende na ngoma. Wimbo huo ulikuwa umefichwa nyuma ya singo ya "William". Hapa umewekwa katikati ya upande, na kila kilichotangulia kinaonekana kilikuwa kikielekea kwake. Upande wa pili ni mpole zaidi, na unafungwa na "Please, Please, Please Let Me Get What I Want", ambayo haifiki dakika mbili.

Kinachofuata

Mkusanyiko huu haukutolewa Marekani wakati ule. Wasikilizaji wa huko walitengenezewa Louder Than Bombs mwaka 1987, sahani mbili, nyimbo 24. Nimeshaipata, inasubiri kuoshwa. Nataka kujua kama pande nne zinaweza kushikilia mwendo ambao Hatful of Hollow inaushikilia kwa pande mbili. Pia natafuta toleo la Hatful lililosafishwa upya mwaka 2011 chini ya usimamizi wa Marr, nipime tofauti ya besi.