Nauli ya kwenda Itega

Kazi yangu ni kushauri serikali kuhusu sera za uraibu, na vikao vya Mtumba vinanila muda kweli kweli. Asubuhi hii nilikuwa Itega, kwenye kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini ili waache, hapa Dodoma. Kijana kapewa dawa yake ya maji kwenye kikombe kidogo, kainywa palepale dirishani, kasemeshwa maneno mawili matatu (wanahakikisha ameimeza), kisha huyoo, anawahi kibaruani. Na kesho tena. Kila siku, jamani!

Huduma hii ilianza Muhimbili mwaka 2011, imeokoa watu. Ila kwenye rasimu ninayoandika sasa nang'ang'ania jambo moja tu, nauli. Mtu wa Mpwapwa atafikaje Itega kila asubuhi?