Jinsi Nilivyopata Sare Dhidi ya Bingwa Mkuu wa Sataranji

Nilitoka sare na bingwa mkuu wa sataranji aliyekuwa akicheza na watu zaidi ya 20 kwa wakati mmoja. Ninalieleza jambo hili kwa fahari kubwa, na pia kwa sababu ushauri niliopewa kabla ya siku ile ungenimaliza mapema.

Karibu kila niliyemwuliza aliniambia maneno yale yale: badilishana naye kete haraka, ubao ubaki mweupe, kisha umwombe sare. Ushauri huo unapotosha, kwa kuwa kadiri kete zinavyopungua ndivyo tofauti ya elimu kati ya bingwa na sisi inavyojitokeza. Jirani yangu wa kushoto aliufuata kikamilifu. Alibadilishana malkia, ngome, farasi na maaskofu hadi kila upande ukabaki na mfalme na idadi sawa ya askari, akanigeukia akitabasamu kwa matumaini. Bingwa alipofika alimsogeza mfalme wake mraba mmoja tu, wafalme wawili wakabaki wanatazamana huku zamu ikiwa ya jirani yangu. Hapo hakuwa na hatua nzuri hata moja: mfalme wake alilazimika kupisha njia, na mizunguko michache baadaye askari wake walikuwa wakiliwa mmoja baada ya mwingine.

Sare katika maonyesho ya namna hii si kitu cha kuokota. José Raúl Capablanca, bingwa wa dunia wa wakati huo, alipocheza na watu 103 mjini Cleveland mwaka 1922, aliwashinda 102, na mmoja tu ndiye aliyetoka sare. Lakini haiko nje ya uwezo wetu pia: Ehsan Ghaem Maghami wa Iran, alipocheza na watu 604 mwaka 2011 kwa zaidi ya saa 25, alifungwa na wachache na kutoka sare na wengine kadhaa. Nilishikilia mifano hiyo miwili wakati wote wa maandalizi.

Jambo ambalo hakuna aliyenitajia ni muda. Mbao zikiwa bado nyingi, bingwa huchukua dakika kadhaa kukamilisha mzunguko wa kuzipitia zote, nawe una nafasi ya kufikiri kwa utulivu ilimradi ucheze mara tu anaposimama mbele yako. Wenzako wanapoanza kushindwa na kuondoka, mizunguko hufupika, na wale waliovumilia hadi mwisho ndio wanaobanwa kuliko wote, tena wakati ambapo mchezo umefikia pagumu. Kwa hiyo dakika za mwanzo sikuzitumia kutafuta shambulizi la kushangaza. Nilizitumia kuuelekeza mchezo kwenye aina ya mwisho, yaani hali ya kete chache zilizobaki, ambayo nilikwisha kuijua, ili bingwa atakapokuwa anarudi kila baada ya sekunde chache nisiwe na kazi ya kubuni. Nilifungua kwa ulinzi wa Caro-Kann, njia imara ya mwenye kete nyeusi kuanza mchezo, nikabadilishana kete pale tu ambapo mabadilishano yalinisogeza huko.

Mwisho huo ni ule wa ngome kwa ngome, bingwa akiwa na askari mmoja zaidi, na njia ya kujilinda ni ile iliyoelezwa na Mfaransa Philidor katika karne ya 18. Nilikuwa na kete nyeusi. Mfalme wangu alikaa e8 (herufi hutaja safu ya wima, a hadi h, na namba hutaja mstari wa mlalo, 1 hadi 8), mbele kabisa ya askari wa bingwa aliyekuwa e5, naye mfalme wake alikuwa d5. Ngome yangu niliiweka a6 na kuizungusha katika mstari huo wa 6 tu, ili mfalme wake asipate pa kukanyaga. Bingwa alipita mara kadhaa akihamisha ngome yake huku na huku, akinipima kama ningeuacha mstari ule kwa kukosa subira, nami sikuuacha. Hatimaye akamsukuma askari hadi e6. Hapo ndipo siri yote ilipo: askari akishafika e6, mfalme wake hana tena mahali pa kujificha dhidi ya ngome inayomtishia kutoka nyuma. Papo hapo niliiteremsha ngome yangu hadi a1. Alipoingia d6 nilimtishia kutoka d1, aliporudi e5 nikamtishia kutoka e1, na kila alikokimbilia nilimfuata. Alitazama ubao kidogo, akatikisa kichwa kwa kukubali, akaninyooshea mkono na kusema, "Sare."

Anayetaka kujaribu asianze na vitabu vya mitego ya ufunguzi, kwa maana mitego hiyo bingwa ameiona yote. Amtafute mwenzake, wapange kete kama nilivyoeleza, wapokezane upande wenye askari wa ziada, na upande unaojilinda ucheze kila hatua bila kukawia, maana ndivyo atakavyolazimika kucheza mbao zikibaki mbili au tatu.