Tanbihi Namba 14

Prufu ile, nakala ya kukaguliwa kabla ya kuchapwa, nilikuwa nimeshaisoma mara tatu, na mara zote tatu nilitafuta makosa ya aina moja: herufi iliyoruka, nukta iliyozidi, aya iliyokatika vibaya. Kijitabu kilikuwa cha kurasa 24, kuhusu haki ya wanawake kumiliki ardhi, na mchapaji alikuwa akikingoja Ijumaa asubuhi. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Ukurasa wa kwanza ulibeba, kwa herufi za kusomeka toka mlangoni, sentensi ambayo shirika letu lilikuwa limeiandika kwenye fulana, kwenye mabango na kwenye kila barua ya kuomba fedha: wanawake wanamiliki asilimia 2 tu ya ardhi yote duniani.

Kijana wetu wa takwimu alikuwa na miezi miwili kazini. Tulimpa prufu aipitie, kusema kweli, ili tu ajisikie mwenzetu. Akairudisha ikiwa safi, isipokuwa kando ya sentensi ile aliandika kwa kalamu ya risasi maneno mawili: "Nani alihesabu?"

Nikacheka. Nikamwambia hiyo ni takwimu inayojulikana.

"Sijasema ni uongo, dada," akajibu. "Nimeuliza nani alihesabu."

Nikamwonyesha tanbihi namba 14, nikiamini nimemaliza. Yeye akaifungua ripoti iliyotajwa pale, akaenda mpaka ukurasa wenyewe. Sentensi ilikuwepo, na yenyewe ilikuwa na tanbihi yake, iliyotupeleka kwenye makala ya mtu mwingine. Makala ikatupeleka kwenye ripoti ya tatu. Ofisi ilikuwa imeshabaki na sisi wawili, na mimi nilianza kuufurahia ule msako kama mtu anayefuata nyayo porini. Ripoti ya tatu ilitaja chapisho la miaka saba nyuma, ukurasa wa 9. Kijana akalisoma jina la shirika kwa sauti ya chini, halafu akanyamaza.

Lilikuwa letu. Mwandishi, mimi.

Nililitoa kabatini mwenyewe. Ukurasa wa 9, aya ya pili: "Inakadiriwa kwamba wanawake wanamiliki asilimia 2..." Tanbihi hakuna. Inakadiriwa! Hicho kitenzi kimeniponza mimi na wengi wanaofanya kazi kama yangu. Kauli ya kutendwa inamficha mtenda kuliko pazia. Unaweza kukadiria kurasa mia bila kumtaja hata mkadiriaji mmoja. Nilijaribu kukumbuka niliitoa wapi namba ile, nikaambulia picha moja tu: bango ukumbini, kwenye mkutano fulani, nami nikinakili harakaharaka kwenye daftari. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikiwarudishia wenzangu kazi zao na wino mwekundu, "chanzo kiko wapi?" Mkuki kwa nguruwe.

Usiku ule sikulala sana. Nilichokuta, nikirudi nyuma kadiri nilivyoweza, ni ndugu wa karibu wa sentensi yetu katika hati ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake uliofanyika Copenhagen mwaka 1980: kwamba wanawake wanafanya karibu theluthi mbili ya saa zote za kazi, wanapata sehemu moja ya kumi ya kipato cha dunia, na wanamiliki chini ya asilimia moja ya mali. Mali, si ardhi. Moja, si mbili. Na sikuona mahali palipoeleza hesabu ilivyofanywa.

Nilipoanza kufikiri ingefanywaje, ndipo nilipoona aibu ya kweli. Kumiliki ni nini? Hati yenye jina lako? Hati yenye majina mawili, la mke na la mume, unaigawaje? Ardhi ya ukoo, ambayo mtu anailima maisha yake yote bila karatasi, ni ya nani kwenye jedwali? Sensa nyingi za kilimo hazimuulizi mtu kama anamiliki. Zinauliza nani anasimamia shamba, na msimamizi si lazima awe mwenye mali. Ili kupata asilimia moja kwa dunia nzima, ingebidi nchi zote ziulize swali moja kwa namna moja. Haikuwa imetokea. Mimi, ambaye ardhi ndiyo kazi yangu, nililijua hili lote. Nililijua na bado niliiandika namba, kwa sababu niliipenda. Ilikuwa fupi, na ilikuwa inauma.

Asubuhi kijana alikuwa ameshaweka mezani ripoti ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, ya 2010 na 2011, iliyohusu wanawake katika kilimo. Humo kulikuwa na kitu cha kushika. Katika nchi zinazoendelea, wanawake ni wastani wa asilimia 43 ya nguvu kazi ya kilimo. Afrika kusini mwa Sahara ni karibu nusu. Lakini ukiangalia wanaosimamia mashamba huko kusini mwa Sahara, kwenye nchi zenye takwimu, wanawake ni wastani wa asilimia 15. Nusu ya mikono, asilimia 15 ya wasimamizi. Nikamwambia hii inatosha kabisa.

"Kuna nyingine, dada. Ukurasa wa 11."

Ukurasa wa 11 tulisema kwamba wanawake wakipata pembejeo sawa na wanaume, mavuno yataongezeka kwa asilimia 20 hadi 30. Chanzo kilikuwa ripoti hiyohiyo. Ila ripoti inasema mavuno ya mashamba ya wanawake ndiyo yangeongezeka kiasi hicho. Uzalishaji wote wa kilimo katika nchi zinazoendelea ungepanda kwa asilimia 2.5 hadi 4. Maneno manne yalikuwa yameanguka njiani, na mwenye kuyaangusha nilikuwa mimi tena, nilipokuwa nikipunguza aya iingie kwenye nafasi.

Mkurugenzi alitusikiliza akiwa amesimama, ishara kwamba hakutaka tukae. "Kila mtu anaitumia hii asilimia 2," alisema. "Nikipanda jukwaani nikaanza na 'inategemea unavyohesabu', nani atabaki ukumbini?" Sitadanganya, nusu yangu ilikuwa upande wake. Namba kama ile hufungua milango, na niliyaona mabango yote yaliyokuwa stoo. Akauliza gharama ya kuyatupa. Kijana alikuwa nayo, senti kwa senti, jambo ambalo halikutusaidia.

Kwetu, prufu ya mwisho hutiwa saini na mkurugenzi. Nikamwekea zote mbili mezani, ya zamani na mpya, na kalamu. Nikamwomba, kama anachagua ya zamani, basi kabla ya saini aandike pembeni jina la aliyehesabu. Sikuwa nimepanga kumjibu hivyo, na nilipomaliza sauti ilikuwa inanitetemeka. Akaikodolea macho prufu ya zamani kwa muda. Kisha akavuta kiti.

Alitia saini ile mpya. "Asilimia 15 haina makali," akanung'unika.

Ijumaa kijitabu kikaenda. Wiki iliyofuata niliyaandikia mashirika niliyojua yametunukuu, nikaeleza kwamba ukurasa wa 9 hauna msingi. Mawili yalishukuru. Moja liliuliza kama tunayo nyingine ya ukubwa uleule. Mengine yalikaa kimya.

Miezi kadhaa baadaye tulikuwa kwenye maandamano, jua kali, ngoma mbele. Mama mmoja pembeni yangu alikuwa amebeba bango aliloliandika kwa mkono, herufi nzuri zilizopangika: ASILIMIA 2. Nikamuuliza ameitoa wapi.

Akanitazama kama anayetaniwa. "Si kwenu, mwanangu?"

Nikatoa kijitabu kipya begini, nikampa, nikaanza kumweleza habari ya wasimamizi na wamiliki huku ngoma zikinizidi sauti. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, akakikunja, akakitia mfukoni, akalinyanyua bango lake juu zaidi.