Mzinga wa Magharibi

Binti yangu mwaka huu anafunga siku nzima kwa mara ya kwanza. Jana, magharibi ikikaribia, aliketi mbele ya sahani ya kaimati, tende ameishika tayari, akaniuliza, "Baba, ulipokuwa Ulaya ulikuwa ukifuturu saa ngapi?" Nikamwambia saa mbili na nusu usiku. "Na ulijuaje kama wakati umeingia?" Mahali pamoja, nikamwambia, walipiga mzinga. Kabla hajauliza mzinga gani, adhana ikatoka, akatia tende mdomoni, na habari ya mzinga ikamtoka akilini. Mimi ilinikesheza.

Ilikuwa 2018. Ramadhani ile iliangukia Mei na Juni, majira ambayo jua la Ulaya halina haraka ya kutua. Mhasibu, Fundi na mimi tulikuwa tumemaliza mitihani Szeged, Hungaria, na nauli ya kurudi nyumbani hakuna aliyekuwa nayo. Tukaamua kushuka kusini kwa mabasi, tulale kwenye vitanda vya bei ya chini kabisa, twende hadi pesa zikome. Mhasibu ni wa Kisumu, na ndiye aliyeshika mfuko. Kila mmoja alitia fungu sawa, yeye akauvaa shingoni chini ya shati, na sheria ilikuwa moja: hakuna anayenunua peke yake, hata maji. Fundi ni wa Bukavu, Kongo. Alikuwa akisomea uhandisi, na Kiswahili chake cha Kivu, kimechanganyika na Kifaransa, ndicho kilichotuchangamsha njia nzima.

Hao wawili ni Wakristo. Kabla hatujaondoka walikaa wakaamua, bila kuniuliza, kwamba chakula kikuu cha siku kitaliwa usiku, saa yangu ya kufuturu. Mchana walijishikiza kwa mkate uliobaki, tena walikwenda kula kando. Msafiri ana ruhusa ya kula, nami siku za barabarani niliitumia. Siku tuliyotulia mji mmoja nilifunga. Hawakunihimiza hata mara moja niache.

Belgrade, Serbia, tuliipita upesi. Tulikwenda kwenye kaburi la Tito, aliyekuwa rais wa Yugoslavia, kwa kuwa Mhasibu alitaka kuona alikozikwa mtu aliyezikaribisha nchi zisizofungamana na upande wowote kwenye mkutano wao wa kwanza, 1961. Kisha basi la usiku, kisha mpaka, pasi zetu tatu zikirudishwa mwisho kabisa, abiria wengine wakitusubiri gizani bila kulalamika. Alfajiri tulishushwa Sarajevo Mashariki, nchini Bosnia, tukatembea na mabegi mgongoni hadi mtaa wa Dobrinja kutafuta basi la kuingia mjini.

Sarajevo imelala bondeni na milima imeukaba mji. Ukisimama katikati yake huhitaji kuelezwa sana yaliyotokea. Katika vita ya Bosnia, tangu Aprili 1992 hadi Februari 1996, mji ulizingirwa. Mizinga na wadunguzi walikuwa huko juu, na watu zaidi ya 11,000 waliuawa. Baadhi ya mahali ambapo makombora yaliua, makovu ya barabarani yamejazwa utomvu mwekundu ili yasisahaulike. Fundi alisimama muda mrefu kwenye kovu moja. Hakuwa akilitazama lenyewe. Alitazama kuta za jirani, akapima kwa macho, kisha akaunyooshea mlima kidole. "Hii ilitokea kule." Nilidhani ni uhandisi unaosema.

Adhuhuri niliswali msikiti wa Gazi Husrev-beg, uliojengwa karne ya kumi na sita, nikalala kidogo kivulini kwenye ua wake. Jioni tukaingia foleni ya somun, mkate wa bapa ambao wakati wa Ramadhani hunyunyiziwa habasoda, na harufu yake ilikuwa imejaa kichochoro kizima. Mhasibu alinunua mikate na ćevapi, vijinyama vya kusaga vya kuchoma, za kugawana, akahesabu chenji mara mbili. Halafu tukaona watu wote wanapanda kilima, nasi tukawafuata, tukayapita makaburi ya Kovači yenye mawe meupe, ambako wengi waliolala ni wa vita ile, mpaka Žuta tabija.

Ni boma la kale juu ya mji. Jioni ile nyasi zake hazikuonekana kwa mablanketi. Kina bibi walikuwa wakifunua vyombo, vijana wameshika burek, mkate mwembamba uliojazwa nyama, kwenye karatasi, watoto wamejazana kadiri walivyoruhusiwa kuusogelea mzinga. Tulipata nafasi kando ya mzee mwenye bereti nyeusi, aliyekuja na mkewe, mtoto wake na wajukuu. Nikamtolea salamu ya Kiislamu, akaiitikia mkono ukiwa kifuani. Chini yetu mto Miljacka, minara, mapaa, makaburi. Mwanga ukawa unaondoka, na sauti za watu zikapungua zenyewe. Mwenye mzinga akainama.

Sikutarajia kishindo kikubwa namna ile. Kilinipiga kifuani kwanza, kikaenda kikagonga mlima wa ng'ambo, kikarudi. Watoto wakapiga kelele za furaha. Moshi ukapanda, taa za minara zikawaka, na adhana zikaanza kupokezana bondeni. Nikala tende yangu, nikageuka nimpe Fundi mkate.

Fundi alikuwa amelala kifudifudi, na Mhasibu yuko chini yake. Alikuwa amemvuta, amemlaza, amemfunika kwa kifua chake, na kiganja kimoja kimeziba kisogo cha mwenzake. Yote hayo aliyafanya katika muda ambao mimi nilitafuna tende moja. Ćevapi zetu zilikuwa zimemwagika. Mhasibu hakujitoa. Alibaki vile vile, shavu ardhini, akisema taratibu, "Niko sawa, Fundi. Niko sawa." Watu wa karibu wakaanza kugeuka. Kijana mmoja akacheka, na mama mmoja akamkata kwa jicho.

Yule mzee alikuwa bado hajafungua. Nakumbuka kwa sababu glasi ya maji ilikuwa mkononi mwake, imejaa. Aliiweka chini, akajikokota kwa magoti hadi upande wetu, akaketi. Hakujaribu kumwinua Fundi. Alimwekea mkono mgongoni, kati ya mabega, akauacha hapo, akawa anasema maneno ya Kibosnia kwa sauti ya chini, yale yale akiyarudia. Sikuyajua, na siyajui hadi leo. Msikiti mmoja ukamaliza adhana, mwingine ukamaliza, mkono haukuondoka. Mke wake alikuwa amekwisha kuwanyamazisha wajukuu. Mwishowe Fundi akavuta pumzi ndefu, akamwachia Mhasibu, akaketi, majani yamemganda shavuni.

Mjukuu mmoja wa kike, umri wa kuanza sekondari hivi, alijua Kiingereza. Mzee akamwambia jambo, naye akatugeukia. "Babu anauliza, ulikuwa na miaka mingapi?"

Hakuuliza kijana huyu ametoka wapi. Hakuuliza vita gani. Hilo tu.

"Minane," Fundi akasema.

Mzee akaitikia kwa kichwa, akamwonyesha mwanamume aliyekuwa kwenye blanketi lao akimpakata mtoto mdogo. "Baba yangu alikuwa na kumi na mmoja," binti akatafsiri. Basi. Mzee akamega somun, akaichovya kwenye jibini iliyoyeyushwa, akampa Fundi, akampa Mhasibu, akanipa mimi, ndipo akaichukua glasi yake akanywa.

Tulikula nao mpaka giza likaingia. Bibi alitujazia sahani kila zilipopungua, na Mhasibu alipogusa mfuko wake shingoni ili atoe chochote, alimshika mkono akaurudisha.

Mji wa Mostar tulikwenda kwa treni, kwenye korongo la mto Neretva, na sina mengi ya kusema juu ya njia ile ila kwamba ni nzuri kupita nauli yake. Daraja la kale, la mwaka 1566, lilibomolewa kwa mizinga tarehe 9 Novemba 1993 na likafunguliwa upya Julai 2004. Mhasibu alitusomea hayo kwa sauti huku vijana wakikusanya pesa kwa watalii kabla ya kujirusha majini. Fundi aliposikia 2004 akasema, "Mwaka ile njo waliingia kwetu." Akatusimulia pale pale, ameegemea ukuta wa daraja: jinsi wapiganaji walivyoiingia Bukavu kati ya Mei na Juni ya mwaka ule, na mama yake akamlaza sakafuni, akamlalia juu, akamziba kisogo kwa kiganja.

Tulikuwa tumeishi ukumbi mmoja wa bweni, tumepika sufuria moja, wala sikuwahi kuyasikia haya. Nimejiuliza mara nyingi yule mzee alijuaje la kuuliza. Pengine anayejua ni aliyepitia. Lakini hilo sitaki kulikubali lote, maana litatuacha sisi wengine tukiwa hatuna cha kuwafaa wenzetu. Mhasibu naye alikuwa mtoto Kisumu wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Huenda ndiyo sababu hakujitoa chini ya Fundi, na huenda ni wema wake tu. Hajasema, nami sijamuuliza. Au labda hakuna siri yoyote, na mzee alikuwa tu mtu asiyeweza kunywa maji huku mwingine kalala chini.

Fundi alirudi Bukavu baada ya masomo. Anaoa, tukamchangia. Anapata mtoto, tukamchangia. Februari 2025 waasi wa M23 walipoingia mji ule, usiku huo huo Mhasibu alituma ujumbe kwa marafiki wote wa Szeged: mfuko umefunguliwa, kila mtu fungu sawa. Zilipatikana za kumvusha mke na mtoto hadi Burundi. Mama amekataa kuondoka. Anasema amekwisha kukimbia vya kutosha, na Fundi hawezi kumwacha, kwa hiyo wamebaki wawili ndani ya nyumba. Wiki iliyopita nilimuuliza wanalala vipi. Akaniambia amemhamishia mama chumba cha katikati, mbali na madirisha, na yeye anatandika mlangoni. Mhasibu anataka tukusanye tena kabla ya Idi, kiasi cha kutosha watu wawili, mama akibadili mawazo.