Dizeli kwenye kromatogramu: msingi usifuate mabonde

Peleka sampuli moja ya udongo kwenye maabara mbili zenye mashine zilezile za kromatografia ya gesi, zinazotenganisha misombo na kuichora kama vilele kwenye mstari (kromatogramu). Unaweza kurudishiwa namba mbili tofauti za dizeli, na hakuna aliyekosea wazi. Dizeli ni mchanganyiko wa maelfu ya hidrokaboni. Kinachopimwa ni jumla ya yote yanayotoka kwenye kolamu (mrija mrefu mwembamba unaoitenganisha misombo) kati ya alama mbili. Kwa mbinu ya 8015 ya EPA, shirika la mazingira la Marekani, alama hizo ni alkani ya C10 na ya C28 (minyororo ya kaboni 10 na 28), takriban vitu vinavyochemka kati ya nyuzi 170 na 430 za Selsiasi.

Maji yachotwe lita moja kwenye chupa ya kioo cha kahawia, yatiwe asidi ya hidrokloriki hadi pH ishuke chini ya 2, yahifadhiwe kwenye baridi, na mafuta yatolewe ndani ya siku 7. Tumia chupa nzima. Mafuta hung'ang'ania kioo, kwa hiyo kiyeyusho cha kwanza, mililita 60 za dikloromethani, kisuuzie chupa kwanza ndipo kiingie kwenye faneli ya kutenganishia. Rudia mpaka zifike mara tatu, kausha kwa sodiamu salfeti isiyo na maji, kisha punguza hadi mililita 1. Hapo kwenye kupunguza ndipo wengi huharibu: ukipuliza naitrojeni mpaka chombo kikauke, C10 hadi C12 zimeshaondoka. Plastiki ikae mbali, maana viambato vyake vya kulainisha huyeyuka na kuota kama vilele kati ya alama zako mbili.

Kolamu ya mita 30, kipenyo milimita 0.25, yenye utando wa ndani wenye fenili asilimia 5, inatosha. Ingiza mikrolita 1 bila kuigawa, injekta ikiwa nyuzi 280 hivi. Oveni ianze 45, ipande nyuzi 12 kwa dakika hadi 320 na ikae hapo mpaka mazito yatoke. Detekta ya mwali iwe na joto kuzidi oveni, 340 kwa mfano.

Sasa hesabu ya eneo. Dizeli huonekana kama vilele vya alkani vilivyosimama juu ya nundu pana, na nundu hiyo ni mafuta pia: ni maelfu ya misombo ambayo kolamu imeshindwa kuitenganisha. Programu ikiachwa ijiamulie, huchora msingi (mstari wa chini ambao eneo huhesabiwa juu yake) kutoka bonde hadi bonde, ikahesabu ncha za vilele na kuitupa nundu yote. Mafuta yaliyokaa ardhini muda mrefu, ambayo bakteria wameshakula alkani zake, yataonekana kama hayapo. Chora msingi mmoja ulionyooka, kwa usawa wa ishara kabla ya C10, na uvute mpaka C28. Joto likipanda utando wa kolamu yenyewe humeguka kidogokidogo na kuinua mstari, hivyo ondoa kwenye hesabu kromatogramu ya kiyeyusho kitupu iliyopigwa siku hiyohiyo. Viwango vya urekebishaji (myeyusho wenye kiasi cha dizeli kinachojulikana) navyo vihesabiwe vivyo hivyo, la sivyo unalinganisha vitu viwili.

Ortho-tafenili, unayoiweka kabla ya kutoa mafuta ili kujua kiasi kilichopotea njiani, hutokea ndani ya eneo hilohilo. Toa kilele chake kwenye jumla.

C28 ikianza kufifia huku C10 ikibaki palepale, usiguse urekebishaji. Badilisha mrija wa kioo wa injekta na ukate kama sentimita 30 za mwanzo wa kolamu. Baada ya sampuli nzito, piga kiyeyusho kitupu kabla ya nyingine.

Mfano: gramu 30 za udongo wenye unyevu wa asilimia 20 ni gramu 24 kavu. Mililita 1 ya mwisho ikiwa na mikrogramu 450 za dizeli, inakupa miligramu 18.75 kwa kilo.

Hata hivyo namba haisemi ni nini. Mafuta ya taa hukoma karibu na C16. Oili ya injini huanza kupanda baada ya C20 na kupita C28. Udongo wenye mboji hutoa vilele vya nta za majani, hasa alkani za kaboni witiri kama C27. Asidi na vitu vingine vya mimea huondolewa kwa silika jeli, lakini alkani za nta hupita. Naona ripoti isiyoambatanishwa na picha ya kromatogramu haistahili kulipiwa.