Siku moja maishani mwangu: mtunzi wa nyimbo kati ya jukwaa na studio

Saa kumi na moja alfajiri. Bagamoyo bado imelala, ila kwa waadhini na wavuvi wanaoteremka pwani. Huu ndio muda wangu wa kutunga, kabla simu hazijaanza. Leo namalizia wimbo wa mama anayemngoja mwanawe aliyekwenda kuvua, katika mchezo wa kuigiza unaoandaliwa na kikundi kimoja cha hapa mjini. Mstari unaobeba wimbo wote ninao tayari:

Bahari haina lango, nitabisha hodi wapi.

Mizani, yaani silabi, nane kwa nane. Si kila wimbo wangu unafuata mizani, lakini huyu mama ni mtu wa pwani, kalelewa na tenzi na taarabu, na uchungu ukimzidi maneno yake yanajipanga yenyewe. Kwenye mchezo huohuo yupo kijana wa bodaboda, naye nimemtungia mistari isiyo na vina kabisa. Wimbo wa jukwaani ni mali ya mhusika kwanza. Mtunzi akitaka kuonyesha ufundi wake mwenyewe, atafute mahali pengine.

Natunga kwa kalamu, naghani chini kwa chini huku nagonga meza kwa kidole. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na lahani, yaani tuni ya wimbo, haina budi kuheshimu hilo. Pigo zito likiangukia silabi ya mwisho, neno linachechemea masikioni, hata kama msikilizaji hawezi kusema tatizo ni nini. Nikikwama, naiacha lahani na kuusema ule mstari kama mtu anayemlalamikia jirani. Mara nyingi wimbo umo humo.

Saa mbili na nusu, mazoezi. Tuna marimba, ngoma mbili na kayamba. Wapiga ngoma wote wawili wamepitia TaSUBa, taasisi ya sanaa ya hapa Bagamoyo iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, na faida yake inaonekana: hawapigi wimbo tu, wanapiga mchezo. Mwigizaji akichelewa hatua moja, ngoma inamsubiri.

Mama wetu anaimba huku akikunja nyavu. Jana aliimba amesimama na kila kitu kilikwenda vizuri. Leo mwongozaji amemwinamisha, na mstari wa pili unamkatikia.

"Mwanangu, hapa pumzi inaniishia. Nikiinama siwezi kulivuta hilo la mwisho."

Namwomba arudie, mimi namtazama mabega badala ya kumsikiliza. Anaivuta juu silabi ya mwisho, ile "pi", na irabu hiyo inabana koo mtu akiwa ameinama. Tunaipeleka noti ya juu kwenye "wa", mdomo upate kufunguka, kisha "pi" inashuka yenyewe kama mtu anayekata tamaa. Halafu, baada ya "lango", nawaomba wapiga ngoma wakae kimya mapigo manne. Katika mapigo hayo anavuta nyavu na anavuta pumzi. Anajaribu. Kijana wa kayamba anasahau kuingia, anamtazama tu. Mwongozaji anasema tuache hivyohivyo, na mimi nabadilisha daftarini.

Hadi saa sita tunapita nyimbo za kundi, zile za kuitikiana. Hizo hazinisumbui.

Mchana nashughulika na karatasi. Kuna kikundi cha Unguja kinaomba wimbo wangu mmoja wa zamani kwa onyesho lao. Nafurahi sana kuona wimbo unavuka maji, ila nawaandikia wazi: ruhusa ni ya kuimba jukwaani kwa onyesho hilo tu; kurekodi, kutangaza redioni au kuweka mtandaoni ni mazungumzo mengine na malipo mengine. Niliwahi kuusikia wimbo wangu wa jukwaani ndani ya tangazo la biashara bila hata kuulizwa, na uchungu wake sijausahau. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na kinga hiyo inaanza pale tu kazi inapotungwa. Hata hivyo nasajili kila wimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania Bara, kwa sababu siku ya ubishi utaulizwa ushahidi. Zanzibar wana sheria yao na ofisi yao, COSOZA, kwa hiyo nawauliza wenzangu utaratibu wa upande wao kabla ya kusaini.

Saa saba na nusu napanda basi la Dar. Ni kama kilomita 70, na foleni ya Tegeta ina mambo yake. Nimeweka vidude masikioni, nasikiliza biti niliyotumiwa jana usiku.

Saa kumi na moja, studio, Sinza. Dada mmoja mwimbaji ameusikia wimbo wa mama na anautaka. Hapa kazi inaanza upya. Jukwaani mtazamaji anaziona nyavu, anamwona mama, anajua mwana hajarudi. Anayesikiliza kwenye daladala hana hayo yote, kwa hiyo ubeti wa kwanza lazima umwambie nani anangojwa, na kiitikio kije mapema. Upande mwingine, maikrofoni inatupa ruhusa ambayo uwanja wa wazi hautupi: "nitabisha hodi" linaweza kunong'onwa, na bado likafika.

Prodyuza anataka ule ukimya wa mapigo manne ujazwe na kinanda. Nakataa. Tunabishana kwa heshima, tunasikiliza mara ya pili taa zikiwa zimezimwa, na yeye mwenyewe anakifuta kinanda.

Kabla dada hajaingia chumba cha kurekodia, natoa karatasi ya mgawanyo: mashairi yangu, lahani yangu na yake, mpangilio wa muziki wa prodyuza, kila mmoja na asilimia yake, sahihi tatu. Katika taarabu mshairi, mtia muziki na mwimbaji wamekuwa watu tofauti tangu zamani, na watu humkumbuka mwimbaji. Sina kinyongo na hilo. Yeye ndiye anayesimama mbele za watu. Lakini mshairi naye ana watoto wa kusomesha, na jina lake liandikwe mahali ambapo pesa hupita.

"Dada, hata sisi tunaojuana?" prodyuza ananiuliza.

"Hasa sisi tunaojuana, kaka."

Anasaini. Dada anaingiza sauti mpaka saa mbili usiku.

Njiani kurudi, ujumbe wa mwongozaji: tukio la nyavu limerefuka, anaomba ubeti mmoja zaidi kwa mazoezi ya asubuhi. Nimemjibu ataupata, na mama asiiname katika ubeti huo.