Barua ya Likoni

Mwezi wa Septemba 2018, mwaka wa ishirini tangu tumalize kidato cha nne, nilipanda treni ya Madaraka Express kutoka Nairobi kwa nauli ya shilingi 1,000 ili nikakutane na wenzangu wa shule kwa siku mbili mjini Mombasa. Tulikuwa wanne tuliolala kona moja ya bweni katika shule ya wasichana huko Taita. Watatu hatukupoteana kabisa, kwani tulionana harusini na matangani. Wa nne alikuwa amepatikana majuma machache tu kabla ya safari, na aliyempata ni mwenyeji wetu wa Mji wa Kale, ambaye aliniarifu kwa simu usiku wa kuamkia siku ya kuondoka. Sikupata usingizi.

Huyo wa nne hakumaliza shule nasi. Wazazi wake walikuwa watu wa bara waliokuwa na duka Likoni. Usiku wa Agosti 13, 1997, tukiwa likizoni, kundi lenye silaha lilivamia kituo cha polisi cha Likoni, likaua askari na kuchukua bunduki, na katika siku zilizofuata nyumba na vibanda vya watu wa bara vikatiwa moto huku wenyewe wakikimbilia makanisani na kwenye mabasi. Muhula wa tatu ulipofunguliwa, kitanda chake kilibaki na godoro lililokunjwa. Mnamo Oktoba barua yake ilifika shuleni, nayo iliandikwa jina langu: yuko kwa nyanya yake, duka limeungua, ananiomba nimnakilie madaftari ya Historia na Kemia, maana labda atapata shule huko. Anwani aliiandika mara mbili, juu na chini. Niliisoma barua ile mpaka mikunjo ikachanika, na sikuijibu. Nilikuwa na miaka kumi na saba, sikujua mtu aliyeunguliwa na nyumba huandikiwa neno gani la kwanza, na kadiri majuma yalivyopita ndivyo aibu ya kuchelewa ilivyozidi, hadi ikawa rahisi kwangu kusema kwamba madaftari yalikuwa mengi.

Jumamosi mwenyeji wetu alitupokea kwa mahamri na mbaazi za nazi, kisha tukashuka kivukoni kumngoja. Anayekijua kivuko cha Likoni anajua jinsi feri inavyofungua mdomo na watu wakamiminika kupanda mlima kwa pamoja, wenye mizigo, wenye baiskeli, wenye watoto mgongoni, hata jicho likakosa pa kutua. Nilihofu nisingemjua. Lakini tangu utotoni alikuwa akitembea ameinamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, kama mtu anayesikiliza kitu kwa mbali, na kichwa hicho nilikiona kabla sijaona uso. Alitukumbatia mmoja mmoja bila haraka. Mimi alinikumbatia wa mwisho.

Tukaenda Lighthouse. Wakati huo bustani ya Mama Ngina ilikuwa bado haijakarabatiwa, watu wakikaa kwenye ukuta chini ya mibuyu, na meli zinazoingia Kilindini zikipita karibu hata ukaweza kuwaona mabaharia wakitazama mji. Muuza mihogo aliitoa juu ya makaa, akapasua kila mmoja katikati kwa kisu, akachovya nusu ya ndimu kwenye pilipili na chumvi na kuisugua ndani ya mpasuo huku mvuke ukimpanda mkononi. Wenzetu wawili walisimama kwenda kununua madafu. Nadhani walifanya makusudi, na nawashukuru mpaka leo.

Nilimwambia, "Dada, barua yako niliipata."

Hakunitazama. "Nilijua uliipata. Ingepotea, roho yangu ingeniambia. Kila Ijumaa nilikuwa naenda posta, shoga yangu. Nilienda mpaka nikasikia mmeanza mtihani."

Nilimweleza yote bila kujitetea, na sauti ilinikatika. Alinyamaza muda mrefu, meli nzima ya makontena ikapita mbele yetu. Kisha akaniuliza, "Na daftari la Kemia, lilikuwa na ile michoro?" Nikamjibu kwamba lilikuwa nayo. Akaupasua mhogo wake akanipa kipande kilichokolea pilipili, kama alivyozoea bwenini, kwa kuwa mimi ndiye niliyependa pilipili.

Jioni tulipita nje ya Fort Jesus, ambako mwalimu wa Historia alitupeleka mapema mwaka ule wa 1997, sote wanne tukiwa na sare.

Jumapili asubuhi nilivuka naye peke yangu. Alikuwa amerudi Likoni mwaka 2005 na cherehani moja, na sasa anazo tatu, katika chumba kisicho mbali na kiwanja cha duka la baba yake. Alinipima mabega na kiuno kwa utepe, akaandika namba kwenye daftari la mistari, kisha akanisukumia daftari lenyewe pamoja na kalamu ili niandike anwani yangu. Niliiandika mara mbili, juu na chini. Aliona, akaufunika ukurasa kwa kiganja chake.

Nilifika kituo cha Miritini treni ya alasiri ikikaribia kuondoka. Usiku ule, baada ya kushuka Nairobi, nilimwandikia barua ya kurasa nne, ingawa namba yake ya simu ninayo.